Mashine haina haki ya kumjibia mkimbizi

GOMA, KIVU KASKAZINI – Ukikusanya vitambulisho vya familia za Kikongo zilizopitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda, ama zile ambazo leo zinaishi Marekani, utaona jambo ambalo kwanza linachekesha, halafu linakera. Baba alizaliwa tarehe 1 Januari. Mama, 1 Januari. Mtoto wa kwanza, 1 Januari, na mdogo wake vilevile, ila mwaka tofauti. Watu wanataniana kwamba nyumba kama hiyo inapika mara moja tu kwa mwaka na sikukuu za wote zimeisha.

Hapo hakuna muujiza. Karani aliuliza umri, akajibiwa mwaka. Siku na mwezi havikujulikana, na fishi ilidai tarehe kamili. Basi ikaandikwa 1 Januari. Vijana wa Sudan Kusini waliopelekwa Marekani kuanzia 2000 na 2001 wengi wao walibeba tarehe hiyohiyo, na Wasomali na Waafghanistan wengi wanaibeba mpaka leo. Angalau hiyo inafahamika. Afisa mwenye uzoefu akiona 1 Januari anajua kwamba pengine si siku ya kuzaliwa bali ni alama ya kutojua.

Shida kubwa iko kwa majibu mengine ya namna hiyo, yale ambayo hakuna anayeyatambua kwa macho. Yanaingizwa na mashine yenyewe, bila ajenti kubonyeza kitu, bila mkimbizi kuulizwa kitu, na yakiisha kuingia yanaheshimiwa kama neno la mwenye habari. Jambo hilo linaitwa kila siku kosa dogo la kompyuta. Si dogo, na mara nyingi hata si kosa: ni uamuzi wa mtu aliyekaa mbali, aliyeona ni rahisi kwake kuandika uongo kuliko kuacha nafasi wazi.

Ili wasikilizaji waelewe, inafaa kufungua daftari lenyewe. Siku hizi mashirika mengi yanaandikisha wakimbizi wa ndani kwa tableti. Ajenti anauliza, anabonyeza, na majibu yanakwenda kukaa katika hifadhidata. Hifadhidata ya namna hii ni kama daftari la shefu wa kijiji lililopigwa mistari: kila mtu ana mstari wake, na kila swali lina safu yake. Jina lina safu. Jinsia ina safu. Siku ya kuzaliwa, kijiji alichotoka, siku aliyofika, idadi ya watoto, kila moja na safu yake. Katika daftari la karatasi, shefu asipojua kitu anaacha nafasi wazi, na yeyote atakayelifungua ataona kwamba hapo hakukuulizwa, ama hakukujibiwa. Kompyuta nayo inaweza kufanya hivyo. Lakini fundi anayetengeneza safu anaweza kuiambia mambo mawili: nafasi hii isibaki wazi kamwe, na kama hakuna jibu, weka hili. Hilo la pili mafundi wanaliita thamani chaguo-msingi. Kwa lugha ya sokoni ni jibu ambalo mashine inalo mfukoni kabla mtu hajafungua mdomo.

Jibu la mfukoni likiisha kuingia katika safu halina alama yoyote. Linafanana kabisa na jibu lililotoka kinywani mwa mama aliyepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri na mtoto mgongoni. Mkubwa wa ofisi anayesoma ripoti Kinshasa au Geneva hana njia ya kuyatenganisha.

Mfano wa kwanza unahusu orodha. Kuna programu ya hifadhidata inayoitwa MySQL, inayotumiwa sana duniani kwa sababu inapatikana bure. Fundi akitengeneza ndani yake safu ya kuchagua neno moja katika orodha, akaikataza isibaki wazi, halafu akasahau kutaja jibu la mfukoni, MySQL haimuulizi. Inachukua neno la kwanza katika orodha. Jambo hili halikufichwa. Limeandikwa katika maelezo ya programu yenyewe. Sasa fikiria orodha ya majimbo ya Kongo. Tangu mwaka 2015, majimbo 11 ya zamani yalipogawanywa, yako 26. Yapange kwa alfabeti: la kwanza ni Bas-Uele. Kwa hiyo mtu aliyekimbia Kitshanga, katika wilaya ya Masisi, ambaye ajenti aliruka swali la jimbo kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha juu ya tableti, anaweza kulala akiwa mtu wa Bas-Uele, jimbo ambalo hajawahi kukanyaga, mamia ya kilomita kaskazini kwenye mpaka wa Afrika ya Kati. Orodha ikiwa ya nchi, ya kwanza ni Afghanistan. Orodha ikiwa na maneno mawili, «ameondoka» na «yupo», herufi A inatangulia, na familia iliyokaa chini ya turubai imeshaondoka bila kusogea hatua moja.

Mtu wa mjini mwenye karatasi zake zote anaweza kucheka jambo hilo. Anarudi ofisini, anaonyesha karatasi, wanasahihisha. Mkimbizi hana nafasi hiyo. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho ya watu wote mwaka 1984. Watu wengi hawana kitambulisho kingine isipokuwa kadi ya mpiga kura, na vita vilizuia uchaguzi wa Desemba 2023 katika sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru. Sheria inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto aliyezaliwa, lakini mama anayekimbia risasi hahesabu siku 90, na ofisi aliyopaswa kwenda huenda imefungwa ama imechomwa. Kwa mtu kama huyo, mstari wake ndani ya tableti ndio karatasi ya kwanza inayomtaja. Ukiandika uongo katika karatasi ya pekee ya mtu, hujafanya kosa la uandishi tu. Umemnyang’anya ushahidi wake na kumpa adui wake.

Kwa maana ndivyo inavyokuwa mbele ya meza ya pili. Anakuja ajenti mwingine, wa shirika lingine ama wa nchi nyingine, anafungua mstari na kusema: «Mama, hapa ulisema unatoka Bas-Uele. Leo unasema Masisi. Ukweli ni upi?» Mama hakusema Bas-Uele. Mama hajui hata kwamba neno hilo limo. Lakini mwenye kutuhumiwa ni yeye, na mashine haiitwi kujieleza. Katika mahojiano ya kuhamishiwa nchi za mbali, kujipinga ni jambo zito. Faili inaweza kusimamishwa kwa sababu ya majibu mawili yasiyolingana.

Namba nazo zina ubaya wake. Zamani, kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, MySQL ikipokea mstari usio na jibu katika safu iliyokatazwa kubaki wazi, kwa kawaida yake haikukataa. Penye namba iliweka sifuri, penye maneno ikaweka utupu, penye tarehe ikaweka mwaka sifuri, mwezi sifuri, siku sifuri. Toleo jipya lilianza kukataa, ila fundi anaweza kuurudisha ule ulegevu wa zamani kwa mstari mmoja, na wapo wanaourudisha kwa sababu programu zao kuukuu zinalalamika. Programu ya SQL Server ya Microsoft ina tabia yake: ukiipa neno tupu mahali pa tarehe, inaandika 1 Januari 1900. Mtoto anayenyonya anapata umri wa zaidi ya miaka 120. Huyo angalau ataonekana. Lakini «watoto: 0» haionekani. Sifuri ni jibu kamili. Maana yake ni kwamba mtu aliulizwa ana watoto wangapi akasema hana. Kama jetoni ya chakula inahesabiwa kwa vichwa, mama mwenye watoto watano ambao hawakuulizwa atapokea unga wa mtu mmoja, na karatasi ya ugawaji itaonyesha kwamba amepewa haki yake yote.

Kuna mtego mwingine mbaya kuliko hiyo yote, na ndio unaostahili hasira zaidi kwa sababu unafanywa na watu wenye nia njema. Shirika limeandikisha watu kwa mwaka mzima. Halafu mfadhili anasema, na ana haki: hamkuuliza habari za walemavu, ongezeni swali hilo. Fundi anaongeza safu mpya, «ulemavu». Lakini safu mpya katika daftari lenye mistari elfu nyingi inahitaji kitu cha kuweka katika mistari ya zamani. Fundi anaandika: isibaki wazi, jibu la mfukoni ni «hapana». Anabonyeza. Katika PostgreSQL, programu nyingine ya bure inayosifiwa sana, tangu toleo la 11 la mwaka 2018 kazi hiyo haichukui hata muda wa kunywa chai, hata kama daftari lina mamilioni ya mistari. Kwa nukta moja, kila mtu aliyeandikishwa kabla ya siku hiyo amejibu kwamba hana ulemavu. Kipofu amejibu hapana. Kijana aliyekatwa mguu na bomu amejibu hapana. Bibi anayetembea kwa magoti amejibu hapana. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Wiki inayofuata ripoti inatoka. Asilimia ya walemavu ni ndogo sana. Mkubwa anasoma, anashukuru Mungu, na bajeti ya fimbo, viti vya magurudumu na vyoo vya watu wasioweza kuchuchumaa inapunguzwa. Mtu akilalamika anaonyeshwa namba. Namba gani? Namba iliyotungwa na safu iliyozaliwa baada ya watu kuandikishwa! Fundi huyohuyo angeweza kuacha mistari ya zamani wazi, na ripoti ingesema ukweli: hawa wameulizwa, wale bado. Ripoti hiyo ingeleta aibu kidogo kwa shirika. Iliyotoka imeleta raha kwa shirika na njaa kwa watu.

Swali likiwa «je, mtoto yuko na mzazi wake?» na jibu la mfukoni «ndiyo», uovu huo unafika kwa watoto waliopotezana na wazazi njiani. Hao ndio ambao mara nyingi hawawezi kujibu maswali mengi, kwa hiyo ndio ambao safu zao zinabaki tupu, na kwa hiyo ndio ambao mashine inawajibia zaidi. Hapo ndipo penye dhuluma yenyewe: jibu la mfukoni haliwaangukii watu wote sawasawa. Aliyesoma, anayejua Kifaransa, aliyekimbia na begi lake la karatasi, anajibu kila kitu na mashine haipati nafasi ya kumsemea. Mzee anayesema Kihunde au Kinyanga peke yake, mjane aliyechanganyikiwa, mtoto aliyenyamaza tangu aone alichokiona, hao ndio wanaojazwa.

Tarehe ya kufika nayo inaibiwa kwa namna ambayo hata mafundi wazuri walinaswa nayo. Katika MySQL, kabla ya toleo la 8.0 la mwaka 2018, safu ya kwanza ya aina ya saa na tarehe ambayo haikuelezwa vizuri ilipewa tabia mbili bila mtu kuziomba: mstari ukiandikwa, inajiwekea saa ya sasa, mstari ukiguswa baadaye kwa sababu yoyote, inajibadilisha tena kuwa saa ya sasa. Kwa safu inayoitwa «mara ya mwisho kuguswa», hiyo ni sawa. Kwa safu inayoitwa «siku ya kufika», ni balaa. Familia imefika Novemba. Machi baba anapoteza simu, anaomba namba ya simu ibadilishwe. Ajenti anabadilisha namba, na tarehe ya kufika inarukia Machi bila kuguswa. Kama msaada umepangwa kwa waliofika kabla ya Januari, familia imetoka katika orodha kwa kosa la kununua kadi mpya ya simu. Halafu inaambiwa: «Nyinyi ni wapya, ngojeni zamu yenu.»

Mahali pa kukaa pia. Ni kawaida ya kurahisisha kazi kwamba tableti inayopelekwa kwenye kambi fulani inakuwa na jina la kambi hiyo tayari, ajenti asichoke kuliandika mara mia mbili kwa siku. Kazi ikiisha Bulengo na tableti ikapelekwa Sake bila kubadilishwa, watu wa Sake wanakaa Bulengo. Na mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi zilizozunguka mji zilivunjwa na watu wakatawanyika, wengine kurudi Masisi na Rutshuru, wengine kwa ndugu, wengine hawajulikani waliko. Mstari unaosema «Bulengo» leo unaonyesha uwanja ambao watu wameshaondolewa. Safu ingekuwa wazi, mtu angeenda kutafuta. Kwa kuwa imejaa, hakuna anayetafuta.

Wanaodhani haya ni matatizo ya Afrika yenye umeme wa kusuasua, wasome kilichotokea Marekani, katika jimbo la Kansas. Kampuni ya MaxMind ilikuwa na hifadhidata inayosema kila anwani ya intaneti iko wapi duniani. Kwa anwani ambazo ilijua tu kwamba ziko Marekani, bila kujua mji, ilihitaji kuweka namba za mahali fulani. Ikachukua namba zilizokaribia katikati ya nchi na kuziweka ziwe nzima: digrii 38 kaskazini, digrii 97 magharibi. Namba hizo zilianguka karibu na nyumba ya shamba moja karibu na mji mdogo wa Potwin. Kufikia 2016, jambo hilo lilipochunguzwa na kuandikwa na mwandishi Kashmir Hill, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zinaelekezwa pale. Kwa miaka mingi watu wa shamba lile walitembelewa na polisi, na maafisa wa kodi, na watu wenye hasira waliotafuta wezi wa intaneti na watoto waliotoroka nyumbani. Hawakufanya lolote. Walikaa mahali ambapo mashine iliweka kutojua kwake. Kampuni ilipoelezwa, ilihamisha ile nukta ikaiweka ndani ya maji, katika ziwa, ambako hakuna mlango wa kugonga.

Hao ni wakulima wa Kansas, wenye sheriff anayewajua kwa majina na mawakili wa kupeleka kesi mahakamani. Ilichukua miaka. Mkimbizi wa Lubero anayewekwa na mashine mahali pasipo pake atachukua muda gani? Na Lubero inafaa kutajwa, maana mstari wa ikweta unapita kati yake na Butembo. Huko latitudo sifuri ni mahali halisi penye mashamba ya viazi. Kompyuta zinazoweka sifuri kwa kila namba isiyojulikana zinampeleka mtu kwenye sifuri na sifuri, ambayo iko baharini, katika Ghuba ya Guinea. Mafundi wameipa nukta hiyo jina la kisiwa kwa mzaha. Watu wanaoikimbia vita hawana hamu na kisiwa cha mzaha.

Mafundi wana utetezi wao, na haki ni kuusikiliza. Wanasema: tukiruhusu nafasi wazi, hesabu zinaharibika, programu inasimama, ripoti inatoka na mashimo, na ajenti mvivu ataruka maswali yote. Ya mwisho ni kweli. Lakini dawa ya ajenti mvivu ni kumwajibisha ajenti, si kuweka uongo mdomoni mwa mkimbizi. Na ajenti mvivu anapenda nini kuliko jibu lililokwisha kujazwa? Anabonyeza «endelea», «endelea», «endelea», na fishi nzuri imekamilika. Kuhusu hesabu kuharibika: hesabu ya mambo yasiyojulikana inapaswa kuharibika. Wastani wa umri unaotokana na tarehe za kutunga unatoka safi kabisa, na hauna thamani.

Tena mafundi wanasahau wazee wao. Mtu aliyebuni hifadhidata za namna hii, Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alitoa wazo lake mwaka 1970. Mwaka 1985, alipoona makampuni yanauza vitu vya ovyo kwa jina la wazo lake, aliandika kanuni zake kumi na mbili. Ya tatu inahusu jambo hilihili: hifadhidata lazima iwe na njia ya kuonyesha habari inayokosekana, na njia hiyo isiwe sifuri, isiwe neno tupu, isiwe namba wala herufi yoyote ya kawaida. Kwa hiyo nafasi wazi si uzembe wala si jambo la juzi. Imewekwa na mwenye nyumba. Wanaoifunga kwa misumari wanafanya hivyo kwa sababu inawaongezea kazi ya kufikiri.

Si kila jibu la mfukoni ni baya. Mstari ukiandikwa, mashine iweke yenyewe saa ya kuandikwa. Inaijua kuliko ajenti. Ombi jipya lianze na neno «linasubiri». Hiyo ni hali ya ombi, na kweli linasubiri. Mashine iseme juu ya mambo yake. Juu ya mtu, yaani alizaliwa lini, anatoka wapi, ana watoto wangapi, ni mlemavu ama la, mume wake yu hai ama la, mashine inyamaze. Mpaka huo si mgumu kuuona. Fundi wa mwaka wa kwanza anauelewa akielezwa kwa dakika tano.

Na wale wanaosema «tutarekebisha baadaye», waulizwe watarekebisha kwa kutumia nini. «Hapana» ya mashine na «hapana» ya mtu zikishachanganyika katika safu moja haziwezi kutenganishwa tena, kama maji ya mto na maji ya mvua ndani ya bidoni moja. Njia pekee ni kurudi kwa kila familia na kuuliza upya. Nani atalipa? Na familia zenyewe ziko wapi leo?

Mashirika yanayoandikisha watu Kivu, Ituri na Tanganyika yanapaswa kufungua madaftari yao na kusema hadharani ni safu zipi zina jibu la mfukoni na ni jibu gani. Hiyo si siri ya mtu yeyote, haina jina la mkimbizi ndani yake. Ni orodha ya ukurasa mmoja ambayo fundi anaitoa kwa amri moja. Penye tarehe iliyokadiriwa, iwepo safu ya pili inayosema «imekadiriwa», na safu hiyo isafiri pamoja na faili kila inapokwenda, mpaka Kampala, mpaka Nairobi, mpaka Marekani. Mtoto aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2008 na kuandikwa 1 Januari 2008 anakuwa mtu mzima siku 323 kabla ya wakati wake: mwanzoni mwa 2026 ulinzi wa watoto unamwisha, na Novemba, mwezi wake wa kweli, bado iko mbali. Neno moja, «imekadiriwa», lingemfanya afisa asimame na kuuliza. Wafadhili nao waache kusifu fishi zenye asilimia mia. Fishi za watu waliokimbia usiku haziwezi kuwa na majibu yote, na anayeleta fishi zilizojaa hivyo aulizwe amezijaza na nini.

Familia zisingoje wakubwa. Kwenye meza ya kuandikishwa, kabla ya kuweka kidole, mtu ana haki ya kumwambia ajenti: «Nisomee ulichoandika, safu moja moja, kwa Kiswahili.» Si yale tu aliyoulizwa, bali yote yanayoonekana kwenye kioo, hata ambayo hakuulizwa. Akisikia jimbo ambalo si lake, ama tarehe ambayo hakuitaja, ama «hapana» ambayo hakuisema, asikubali kuambiwa kwamba ni mashine tu. Asiyejua siku ya kuzaliwa ya mtoto aseme mwezi. Asiyejua mwezi aseme majira, kama ni wakati wa kuvuna maharagi ama wakati wa shule kufungwa, na ajenti aandike hivyo katika nafasi ya maelezo. Kadi ya chanjo, karatasi ya ubatizo, karatasi ya uzazi ya kituo cha afya, hata picha ya karatasi hizo ndani ya simu ya jirani, zote zinashinda 1 Januari. Na kama ajenti atasema tableti inakataa kuendelea bila jibu, amuombe aandike katika daftari lake la karatasi jina la swali lililokataa, saa, na namba ya jetoni, kisha naye abaki na nakala hiyo.